Nyayo Katika Kalibu: Kutoka Grumeti Hadi Laetoli

Katika miezi ya Mei, Juni na Julai, nyumbu wanapoziacha mbuga za kusini mwa Serengeti na kupita katika nchi ya Waikoma wakielekea kaskazini, tope la kingo za Mto Grumeti na vijito vyake hujaa alama za kwato zisizo na idadi, na juu ya alama hizo huonekana nyingine chache zenye kutisha zaidi, za simba na fisi na chui, waufuatao msafara ule kama wadai wamfuatavyo mdaiwa. Mwindaji wa Kiikoma wa zama zilizopita, aliyelelewa kwa upinde na mshale wenye sumu, alizitambua alama hizo bila ya kuinama sana: alijua kwamba simba huzificha kucha zake atembeapo, hata unyayo wake ukabaki na vidole 4 na kitako chenye mawimbi 3 kwa nyuma pasipo alama ya ukucha, ilhali fisi hana hila ya kuzificha zake, nazo hutoboa tope mbele ya kila kidole. Alijua pia mnyama amepita saa ngapi, na kama alikuwa na haraka au alikwenda taratibu, na mambo hayo yote aliyasoma mahali ambapo mgeni wa leo, ajapo kwa gari na kamera ya bei kubwa hadi Lango la Ikoma, haoni ila matope.

Ilimu hiyo, pamoja na ubora wake, ilikuwa na dosari moja, nayo ni kwamba daftari lake hufutwa kila siku. Jua likiwaka tope hupasuka, mvua ikinyesha hulainika na kujifunika, na kundi jingine la nyumbu likipita asubuhi huyakanyaga yaliyoandikwa usiku, hata mwalimu atakaye kumwonyesha mwanafunzi wake unyayo wa simba dume hana budi kumngoja simba. Ndipo inapoingia sanaa ninayokusudia kuizungumza katika makala haya, yaani sanaa ya kufanya kalibu za vitu vidogo na kusubu nakala zake kwa plasta na kwa utomvu wa viwandani uitwao resini, sanaa ambayo aghalabu sisi huidhania kuwa mchezo wa watu wa ng'ambo wenye fedha na nafasi, hali ya kuwa ardhi ya Serengeti na Ngorongoro ina fungu katika tarikhi yake ambalo nchi nyingi zituuziazo vifaa hivyo hazina.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni ya plasta, ile ile ifungiwayo mivunjiko hospitalini na kupambiwa dari mijini. Asili yake ni jasi, jiwe lichimbwalo hapa kwetu Makanya katika Wilaya ya Same, na Itigi mkoani Singida. Jiwe hilo likiokwa katika joto la nyuzi 150 hivi hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyofungamana nalo, na unga upatikanao, ukirudishiwa maji, huyapokea upya na kugeuka jiwe tena. Basi mtu na achague unyayo ulio kamili katika tope lililoanza kushika, aokote majani na vijiti kwa ncha za vidole, kisha auzungushie ukingo wa karatasi ngumu au wa kopo la maziwa lililokatwa vifuniko vyote viwili. Katika beseni atie maji kwanza, na unga aunyunyize juu ya maji, wala si maji juu ya unga, kwa kadiri ya vikombe 2 vya unga kwa kikombe 1 cha maji, hata uache kuzama na vianze kuonekana visiwa vidogo vikavu juu; ndipo akoroge polepole, kwa kuwa mwenye kukoroga kwa pupa hutia hewa, na hewa ndiyo adui wa kwanza wa kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho. Uji ule aumimine kando ya unyayo na si katikati, ujiendee wenyewe mpaka kwenye vidole. Haupiti muda mrefu, akiweka kiganja juu yake huhisi joto, nalo ni joto la jasi inaporudi katika ujiwe wake. Ikishapita nusu saa achimbue kitu chote pamoja na tope lake, wala asikisugue mpaka kesho yake.

Hapa ni wajibu kutia hadhari mbili. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna ruhusa ya kushuka garini mahali popote upendapo, kwa hiyo ninayoyasema ni ya ardhi ya vijiji, na hata huko ni kwa kuandamana na mtu mwenye kuijua nchi. Na mwenye kuinama ukingoni mwa Grumeti na ayatazame maji kabla ya kuutazama unyayo, maana mamba wa mto huo wana sifa yao ya ukubwa, nao hawajali mtu amekuja kwa ajili ya elimu au kwa ajili ya samaki.

Kipatikanacho baada ya kuosha tope hakiwi unyayo. Huwa ni wayo wenyewe, yaani uvungu wa mguu wa simba ulioinuka juu ya sahani ya plasta, vidole vikiwa vimetuna pale ambapo katika tope vilikuwa mashimo. Kwani kila kalibu hukipindua kile ilichokifinyanga, na mwenye kutaka umbo la asili ni lazima apindue mara ya pili. Plasta nayo ni kitu dhaifu, mtoto mmoja akiiangusha sakafuni habari yake imekwisha. Kwa sababu hizi mbili fundi haishii hapo, bali huichukua ile sahani akaifanyia kalibu ya mpira wa silikoni, na katika kalibu hiyo akasubu nakala za resini kwa kadiri atakavyo.

Silikoni huja katika kopo ikiwa nzito mfano wa asali, na pembeni yake chupa ndogo ya dawa ya kuigandisha. Kitu cha kufanyiwa kalibu hukazwa chini ya kijisanduku cha mbao au cha plastiki, pembe zake zikazibwa kwa udongo wa kuchezea ili uji usivuje, kisha silikoni humiminwa kutoka juu kwa uzi mwembamba katika pembe moja iliyo chini kuliko zote, ili mapovu yapasuke katika safari ile nyembamba na uji upande kidogo kidogo, ukiisukuma hewa mbele yake. Haraka haipo, aghalabu hulala usiku kucha. Lakini ina tabia zake: aina moja, ile igandishwayo kwa platini, haipatani kabisa na salfa, na kwa kuwa baadhi ya udongo wa kuchezea na glavu za mpira zina salfa ndani yake, fundi asiyejua hufungua sanduku lake asubuhi akakuta uso wa kalibu unanata na haugandi hata angengoja mwezi mzima. Hakuna dawa ya jambo hilo ila kutupa na kuanza upya, na silikoni si bei ya unga wa ugali.

Kitu chenye umbo la pande zote, kama jino la nguruwe pori au kete ya bao au simbi ya pwani, hudai kalibu ya vipande viwili, na hapo ndipo ufundi wa mtu hujulikana. Kitu hicho huzikwa nusu yake katika kitanda cha udongo, na mpaka kati ya udongo na kitu hulainishwa kwa ncha ya kijiti mpaka usibaki ufa, kwa maana kila ufa utazaa ukingo mwembamba katika nakala. Kandokando ya udongo hutobolewa vishimo vya duara kwa kitako cha kalamu, vije kuwa funguo za kuvipatanisha vipande viwili visiteleze. Humiminwa silikoni ya nusu ya kwanza. Ikigandika, sanduku hupinduliwa, udongo ukatolewa wote, uso wa mpira ukapakwa Vaselini, na nusu ya pili ikamiminwa juu yake. Anayesahau Vaselini atapata tofali moja la mpira lisilofunguka, na kitu chake kimo ndani. Hatimaye hukatwa mfereji mmoja wa kuingizia resini, na vijifereji vyembamba vya kutolea hewa katika kila sehemu iliyo juu, kwani pasipo njia ya kutokea hewa nakala huja bila pua au bila kidole.

Resini zenyewe ni za namna tatu zinazojulikana zaidi. Poliesta, ambayo mafundi wa faibaglasi hutengenezea maboti na bampa za magari, ni rahisi kwa bei lakini harufu yake hupasua kichwa, nayo husinyaa inapokauka. Epoksi ni ya utaratibu, hungoja siku nzima, haisinyai sana. Na poliuretani ni ya mwenye mkono mwepesi, maana baada ya kuchanganya sehemu zake mbili huwa una dakika chache tu za kumimina kabla haijageuka, na baada ya nusu saa unaweza kuitoa nakala ikiwa ngumu. Poliuretani ina chuki na maji. Unyevu kidogo tu, hata wa kikombe kisichokaushwa vizuri au wa hewa ya masika, huifanya ichemke na kujaa matundu, kwa hiyo msimu ulio mzuri wa kuchukua nyayo katika tope ni msimu mbaya wa kusubu, na mwenye busara huzihifadhi plasta zake akangoja kiangazi. Dawa ya kugandishia, ambayo vijana wa gereji huiita hadina, inaunguza ngozi na kuharibu macho. Vumbi la msasa linaingia mapafuni. Na mvuke wa poliesta si wa kuvutwa katika chumba kilichofungwa. Nimewaona mafundi wakifanya kazi hii vifua wazi na dirisha limezibwa kwa gunia, wakijisifu kwa uzoefu, na sikuona la kusifu.

Katika yote haya liko jambo moja ambalo mtu hulielewa akishakaa na kazi hii kidogo, nalo ni kwamba hazina haiko katika nakala. Nakala ikivunjika itafanywa nyingine. Wala haiko daima katika asili, kwa kuwa asili aghalabu imo kabatini haishikwi. Iko katika kalibu: mwenye kalibu ndiye aamuaye zitoke nakala ngapi, ziende kwa nani, na kwa thamani gani, na akitaka zisitoke kabisa huifungia tu sandukuni. Swali la kuuliza kila mara, basi, ni kalibu imo mikononi mwa nani.

Wazee wa pwani yetu walilijibu swali hilo kwa namna yao. Katika makumbusho ya Lamu zipo siwa mbili, baragumu za enzi zilizopulizwa katika harusi za watukufu na kutawazwa kwa watawala, moja ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ya pili ya Lamu iliyosubiwa kwa shaba kwa njia ya nta. Katika njia hiyo fundi hulitengeneza umbo lote kwa nta, na mapambo yake, akalifunika kwa udongo, akautia udongo motoni hata nta ikayeyuka na kutoka, na mahali ilipotoka nta akamimina shaba iliyoyeyuka. Kisha, ili aipate kazi yake, huvunja udongo. Kalibu hufa siku ile ile nakala inapozaliwa. Kwa hiyo haikuwezekana mtawala wa mji mwingine kulipia siwa kama ile ya Lamu kutoka kalibu ile ile, na ninaona jambo hilo halikuwachukiza watu wa Lamu hata kidogo.

Wala utomvu si mgeni kwetu. Kabla hakijawako kiwanda cha resini popote duniani, watu wa Mrima walikuwa wakichimba sandarusi ardhini, utomvu wa miti iliyokufa zamani, na katika karne ya 19 sandarusi ya Unguja ilipakiwa katika merikebu za Wamarekani wa Salem, ikaenda kufanywa vanishi ya samani na magari ya farasi. Katika vipande vyake vingine hukutwa mchwa au mbu aliyenaswa utomvu ukingali laini, na mbawa zake zingalipo.

Narudi bara. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, ambalo liko upande wa pili wa mbuga ile ile ya Serengeti itazamwayo kutoka Ikoma, Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia katika ardhi, siku ambayo mumewe Louis alikuwa mgonjwa kambini. Mfupa huo ulikuwa sehemu ya fuvu lililopasuka vipande vingi, likaunganishwa kwa subira, likaitwa Zinjanthropus, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 1.8 hivi. Fuvu lile lilikwenda Nairobi, na mwaka 1965 likakabidhiwa kwa Tanzania. Nalo ni amana ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Wengi walioliona katika shule na vyuo hawakuliona lenyewe, waliona nakala. Na wale walioliona likiwa na taya la chini waliona zaidi ya nakala, kwa sababu taya lake halikupatikana kamwe. Taya la chini litiwalo katika nakala hufinyangwa kwa kulifuata lile la Peninj, kando ya Ziwa Natron, aliloliona Kamoya Kimeu mwaka 1964, ambalo ni la jamaa wa namna moja na Zinjanthropus lakini si lake. Jambo hilo lingeandikwa chini ya kila nakala kwa herufi kubwa, wala haliandikwi sana.

Katika miaka ile ile ya 1960, taasisi ya Wenner-Gren ya New York iliendesha kazi kubwa ya kusubu kwa plastiki nakala za mabaki ya wahenga wa binadamu kwa ajili ya vyuo vikuu, na kabla yake biashara hiyo ilikuwa London, katika nyumba ya R. F. Damon. Sina ugomvi na walioifanya, kwa kuwa bila ya nakala hizo elimu ya asili ya mtu isingefundishwa ila katika miji miwili mitatu. Lakini mtu anaweza kuona ajabu ya mfupa utokao katika mchanga wa Tanzania, kalibu yake ikawa ng'ambo, na mwalimu wa mji wa Mugumu akitaka kuwaonyesha watoto wake ikambidi aagize kwa dola. Nafuu ni kwamba Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, yana karakana yake ya kusubu, na mafundi wake ni wenyeji wenye mikono stadi. Hata sisi hatukosi vijana wa namna hiyo, tunakosa wa kuwaagiza kazi.

Faida na hasara ya nakala haijapata kudhihirika popote kama katika visa viwili vya ng'ambo ambavyo mtu akivisoma pamoja huona kama vimepangwa. Mwaka 1912 ilitangazwa London habari ya fuvu la Piltdown, lililosemwa kuwa la Mwingereza wa kwanza, nalo lilikuwa fuvu la mtu pamoja na taya la orangutani, meno yake yamepigwa tupa na mifupa imepakwa rangi ili ionekane ya kale. Asili ilifungiwa kabatini, na wataalamu waliotaka kuichunguza walipewa nakala za plasta. Louis Leakey mwenyewe amesimulia kwamba alionyeshwa mifupa yenyewe kwa muda mfupi tu, ikarudishwa, akaachwa na nakala. Nakala huchukua umbo, haichukui rangi ya ndani wala uzito wala mikwaruzo iliyo midogo kuliko uji wa plasta uwezavyo kuingia, na tupa ya mdanganyifu ilikuwa imejificha humo humo. Udanganyifu ule haukufichuliwa mpaka 1953. Kisa cha pili ni cha mifupa ya Zhoukoudian, karibu na Peking, iliyochimbwa kati ya miaka ya 1920 na 1930, ikapotea Desemba 1941 katika ghasia za vita ilipokuwa ikihamishwa, na hata leo haijaonekana. Kilichosalia ni nakala zilizosubiwa kwa uangalifu kabla ya hapo. Mtu aliyeficha asili akatoa nakala aliipotosha dunia miaka 41, na mtu aliyefanya nakala kabla ya vita aliiokoa elimu isipotee pamoja na sanduku.

Kisa kilicho chetu kabisa ni cha Laetoli. Huko, kusini mwa Olduvai, miaka milioni 3.66 iliyopita, volkano ilitema majivu, mvua ikayalowesha, wanyama wakayakanyaga, na pamoja nao viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Jua likayakausha yakashika kama saruji, na majivu mengine yakayafunika. Yule afanyaye kalibu kwa plasta kando ya Grumeti hafanyi ila jambo ambalo dunia ilikwisha kulifanya Laetoli bila ya kopo wala beseni. Nyayo za wanyama zilionekana 1976, na za wale wa miguu miwili 1978. Mary Leakey na watu wake waliifunua njia yao yenye urefu wa mita 27 hivi, wakaifanyia kalibu za mpira, kisha mwaka 1979 wakaifukia tena kwa mchanga na mawe. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea zile nyayo, hata miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani wakalazimika kuifunua njia ile upya, kuing'oa mizizi uzi kwa uzi, kuipima kwa picha, na kuifukia tena kwa vitambaa maalumu vizuiavyo mizizi. Wazee wa Kimasai walifanya ibada mahali pale na kuchinja kondoo, nao wataalamu walikubali kwamba mlinzi wa kudumu wa Laetoli ni jirani yake.

Nyayo za Laetoli, basi, zimelala chini ya ardhi, na anayekwenda kuzitazama katika makumbusho ya Olduvai huonyeshwa nakala. Wako wasafiri waonao wametapeliwa. Mimi naona kinyume, kwamba nakala ile imezichukulia nyayo adha yote, vumbi na mikono na mwanga na pumzi za watu, asili ikapata kulala. Na kwamba laiti kalibu zisingefanywa 1979, zile pembe za nyayo zilizoguswa na mizizi baadaye zingekuwa hasara isiyo na kumbukumbu. Mwaka 2016 Fidelis Masao na wenzake walitangaza nyayo nyingine za zama hizo hizo, zilizoonekana mita 150 hivi kusini mwa zile za kwanza walipokuwa wakichimba mashimo ya majaribio mahali palipokusudiwa kujengwa makumbusho, na hizo zilichukuliwa umbo kwa picha na kompyuta. Vivyo hivyo nyayo za watu, zaidi ya 400, za Engare Sero karibu na Ziwa Natron. Kalibu ya siku hizi ni faili, na mashine ya kuchapa maumbo yaweza kutoa nakala Mwanza au Chicago kwa saa ile ile. Swali langu la kwanza halikufutika kwa hayo, limehama tu: faili hilo linakaa katika kompyuta ya nani, na kijana wa kijiji cha Robanda akilihitaji atamwomba nani?

Nikumbushe na jambo la pembe. Mei 2010 Serengeti ilipokea faru weusi 5 kutoka Afrika Kusini, Rais wa wakati huo akawalaki, na kabla mwaka haujaisha mmoja wao aliyeitwa George aliuawa kwa ajili ya pembe zake. Mwaka uliofuata wezi walikuwa wakivunja makumbusho za Ulaya wakikata pembe za faru waliokaushwa, na Agosti 2011 wakaingia katika makumbusho ya Tring, Uingereza, wakaondoka na pembe mbili. Zilikuwa za resini; wahifadhi walikwisha kuzibadili za asili miezi michache kabla. Sijasoma habari ya wizi iliyonifurahisha kuliko hiyo, na ninaiona kuwa hoja kwa vijiji vya Hifadhi ya Jamii ya Ikona, yaani Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Natta Mbiso: kumiliki jino la chui au pembe ya faru pasipo kibali ni kosa la jinai, lakini jino la resini halina kesi, nalo laweza kumfundisha mtoto au kumvutia mtalii sawasawa, mradi limeandikwa nyuma kwa wino usiofutika kwamba ni nakala, na limefanywa na nani, na mwaka gani. Bila ya maandishi hayo fundi huwa amejiingiza katika ukoo wa Piltdown.

Je, kila kitu kifanyiwe kalibu? Waikoma wana amana waiitayo Machaba, nayo ni pembe za ndovu, ambazo kwa mapokeo yao walizipata kwa njia ya mganga wa Kitatoga, na ambazo wazee huzitunza kwa miiko. Mhifadhi mwenye nia njema angeweza kusema: leteni silikoni, pembe hizo zisubiwe, nakala iwekwe katika chumba cha maonyesho, asili isalimike na wezi na moto. Mimi ningemshauri anyamaze. Pembe ile haikupata heshima yake kwa umbo, kwani pembe za umbo hilo zilikuwa nyingi katika nchi hii kuliko ilivyo leo; iliipata kwa mkono ulioitoa na mikono iliyoipokea, na mpira wa silikoni hauna uwezo wa kuchukua hayo, bali utawapa wageni kitu cha kupiga picha na kuwapa vijana sababu ya kuuliza ipi ndiyo hasa. Kama wazee wenyewe wataona ni heri ifanyiwe kalibu, basi kalibu na ibaki kwao. Kama hawaoni, kisa kimekwisha.

Ndovu walio hai ni habari nyingine. Wanapita mashambani Robanda usiku, wala si kwa ridhaa ya mwenye shamba, wakaacha katika udongo laini nyayo ambazo hazina mwiko wala hazina hati. Unyayo wa mguu wa mbele ni wa duara, wa nyuma umerefuka kama yai, na mifereji ya ngozi iliyo katika nyayo za ndovu mmoja haifanani na ya mwingine, hata mwenye kuweka nakala zake kwa utaratibu aweza kujua mvamizi wa leo ndiye yule wa juma lililopita au ni mgeni. Utakula plasta nyingi, kilo kadhaa kwa unyayo mmoja, na watu wawili wa kuubeba. Lakini ukishakauka, mwanafunzi wa darasa la 5 aweza kuuzungushia uzi ukingo wa ule wa mbele, akaupima uzi kwa rula, akazidisha mara 2, akapata kimo cha ndovu yule kutoka ardhini hadi begani, naye ndovu yuko Grumeti, hana habari kwamba amepimwa.